Mwanangu Alisoma Ukuta Mtupu

Shangazi, shikamoo. Nimekuwa msomaji wa ukurasa huu tangu nikiwa chuoni, na nilikuwa nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema watu wazima hawa hawana ndugu wa kuwaambia shida zao, leo ndugu ninao na siwezi kuwaambia, kwa hiyo nipokee na unisaidie, maana nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, nikisikia mtu anagonga mlango wa chumba changu cha kazi naona kama roho inanitoka.

Mimi ni muuguzi wa shule ya msingi, watoto wananiita Sista. Niliajiriwa kwa sababu ya utafiti. Chuo kimoja kilitaka kujua kama watoto wa shule yenye muuguzi wanakuwa na afya nzuri kuliko wa shule zisizo naye, basi shule yetu ikapewa mimi, pamoja na chumba kilichokuwa stoo ya mipira, kitanda kimoja, mizani, na kabati la dawa ambalo halifungiki mpaka ulipige teke. Utafiti ukionyesha nina faida, nitaajiriwa moja kwa moja na shule nyingine zitapata wauguzi wao, ukionyesha sina, kila mtu arudi alikotoka. Na si mshahara tu, Shangazi, kazi hii naipenda, wapo watoto wenye pumu ambao zamani walimu waliwaambia waache kujifanya, sasa wanakuja kwangu, wanavuta dawa yao, wanakaa kidogo, wanarudi darasani.

Kipimo kikubwa mwaka huu kilikuwa cha macho. Bila shaka unaijua ile chati yenye herufi kubwa juu na ndogo chini, mtoto anasimama kwenye mstari wa chaki, anafunika jicho moja, anasoma. Tulipewa chati moja tu. Watafiti walisema watakuja kunitazama nikiwapima watoto, na mimi ni mwoga wa kusimamiwa tangu utoto wangu, nikaona nisije nikaumbuka, nikaipeleka chati nyumbani nikaibandika kwenye mlango wa jikoni, kila jioni namsimamisha binti yangu, tunamwita Kidoti, ana miaka saba na anasoma hapo hapo shuleni kwetu, nafanya mazoezi kwake, funika la kulia, soma, funika la kushoto, soma, mpaka mkono wangu ukazoea. Sikufikiria hata kidogo kwamba nikizoea mimi, na yeye anazoea.

Siku ya kipimo watoto wa darasa lake walisoma kama maji, karibu wote mpaka mstari wa mwisho. Watafiti walishangaa, mwalimu mkuu akanishika mkono mbele ya walimu wote akasema safari hii shule imepata mtu, na mimi, sitakuficha, nikavimba kichwa. Na kwa kuwa tulifanya vizuri, daktari wa macho anayezunguka na miwani ya watoto amepangiwa shule zilizofanya vibaya. Kwetu hafiki.

Wiki iliyopita, chumbani kwangu shuleni, niliishusha chati nifute ukuta, kwa sababu ulikuwa umejaa alama za vidole. Ilikuwa saa ya mapumziko. Kidoti akaingia, na mtoto huyu anapenda kujionyesha, akasimama kwenye mstari wa chaki, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akaanza kusoma. Alisoma mstari wa mwisho wote bila kukosea herufi hata moja, na ukutani hakukuwa na kitu. Chati ilikuwa kitandani, nyuma yangu. Nilidhani ananitania, nikamuuliza kama anaiona chati.

“Si hiyo hapo,” akasema, akinyooshea kidole ukuta.

Shangazi, nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika herufi nyingine kwenye karatasi, kubwa kubwa, nikaibandika. Kwa jicho la kulia akazisoma zote. Kwa la kushoto akageuza kichwa huku na huku, halafu akaniambia taratibu, kama anayeomba radhi, “Mama, hizi hujanifundisha.”

Nilipomdadisi akaniambia yote. Wakati wa mapumziko wanacheza mchezo wa Sista, yeye ndiye Sista, amewafundisha wenzake zile herufi juu mpaka chini ili wasifeli. Kwao kipimo ni mtihani, na mtihani unasomewa. Siku iliyofuata nikasimama dirishani nikawasikia kwa masikio yangu, wanaruka kamba na badala ya kuhesabu wanataja herufi za chati, mstari baada ya mstari.

Mume wangu ni fundi wa friji, hakusoma uuguzi, lakini zamani kidogo aliniambia kwamba mtoto huyu anagonga bega mlangoni, na ni upande ule ule kila siku, na akimimina chai inaishia mezani. Nilimjibu, humu ndani muuguzi ni nani? Akacheka, akaacha. Sasa namtazama akimfunga mwanetu kamba za viatu na mdomo haufunguki.

Naogopa jicho la mwanangu. Nilisoma magonjwa ya macho chuoni, si kwa kina, ila ya kutosha kunitesa, kila ugonjwa niliojibia mtihani unanipita kichwani, ule mdogo na ule ambao sitaki hata kuuandika. Nikimpeleka hospitali wataniuliza alipimwa lini na nani alimpima. Nikisema ukweli utafiti unaharibika, kazi inaondoka, na watoto wa pumu watabaki na nani? Nikinyamaza, sijui ni watoto wangapi mle darasani hawaoni ubao na majibu yangu yanasema wanaona. Na mwalimu mkuu anataka siku watafiti watakapokuja kusoma matokeo, mwisho wa mwezi, nisimame mimi mbele ya wazazi nieleze siri ya mafanikio yetu. Niambie, Shangazi, niwapime upya kimya kimya nibadilishe majibu? Au nimpeleke mwanangu peke yake kwa daktari wa mbali asiyenijua, haya mengine yajipitie?

Sista

Shangazi anajibu:

Marahaba, Sista. Barua yako niliifungua nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai hiyo niliimwaga baadaye ikiwa baridi. Pole, tena pole sana. Sasa nisikilize, maana nitakusema kidogo.

Unaniambia wiki iliyopita. Tangu siku hiyo umechungulia dirishani, umekumbuka masomo ya chuo, umeandika barua nzuri yenye kurasa nyingi, na mtoto bado hajaonwa na daktari. Angekuja mzazi mwingine chumbani kwako na hadithi hii, ungemwambia nini? Ungemfukuza kwa mikono yako aende hospitali, na ungekuwa na haki.

Nilimpigia simu daktari wa macho ninayemfahamu, bila kumtajia shule wala mtu. Nilimuuliza ni ugonjwa gani, akakataa kubahatisha, kwa hiyo na wewe acha kubahatisha. Alisema tu kwamba kwa mtoto wa umri huo yako mengi yanayotibika yakiwahiwa, na hayo hayo yakicheleweshwa yanakuwa habari nyingine. Nikamuuliza, je, mama angoje nafasi? Akasema yeye asingemngojesha mtoto huyo hata mpaka Jumatatu. Basi ukimaliza kusoma hapa vaa viatu, nenda hospitali iliyo karibu, na hilo wazo la daktari wa mbali asiyekujua lifute, maana unajificha wewe na si mtoto.

Njiani mpitie mumeo kazini, umwambie leo, kabla hajauliza kuna nini. Usimwandalie maneno. Mwambie aliona kitu na wewe ukamnyamazisha. Atakasirika, mwache akasirike, ana sababu. Kisha muende pamoja, kwa kuwa daktari atauliza dalili zilianza lini, na mwenye jibu hilo ni yeye.

Kuhusu kubadilisha majibu kimya kimya, sitaki kulisikia tena. Mpaka sasa umekosea. Kosa lenyewe ni la mtu anayeijali kazi yake, ndiyo maana ulifanya mazoezi, mzembe asingeibeba chati nyumbani. Ukishika kalamu ukageuza majibu utakuwa umedanganya, na hapo mimi sina pa kukutetea. Mtafute kiongozi wa watafiti kesho, umweleze kama ulivyonieleza mimi, na mchezo wa kamba usiuache. Mwombe watoto wapimwe upya na mtu mwingine, kwa chati ambayo hawajaiona, na wasiojua herufi vizuri wapimwe kwa picha. Mwombe pia daktari wa miwani arudishwe kwenye ratiba yenu. Ukitoka hapo nenda kwa mwalimu mkuu. Amevikwa kilemba cha ukoka na hajui, na ni heri akivue ofisini kuliko mbele ya wazazi.

Kazi? Sitakudanganya, huenda ukaipoteza. Huenda pia wakakubakiza, watafiti wenye akili hupenda kujua kipimo chao kilivujia wapi. Sijui, na wewe hujui. Unachoogopa ni utafiti kuonyesha kwamba muuguzi wa shule hana faida, lakini binti yangu, muuguzi anayejua kwamba watoto hawaoni na akakaa kimya, huyo ana faida gani? Hao wenye pumu unaowafanya kisingizio leo ndio wangekuwa wa kwanza kukosa mtu wa kumwamini. Utatetemeka utakapokuwa unasema, sema hivyo hivyo ukitetemeka.

La mwisho ni la Kidoti, na hili ndilo lililoniumiza kuliko yote. Usimkaripie kwa kuwafundisha wenzake. Hakujua kwamba hilo jicho lina kasoro, kwa kuwa hajawahi kuwa na jingine la kulinganisha nalo upande huo. Alichojua ni kwamba mama anafurahi mtoto akifika mstari wa chini. Mkiwa njiani kwenda kwa daktari mwambie kwamba huko hakuna kufaulu wala kufeli, na akiulizwa kuna nini pale naye haoni kitu, aseme tu sioni. Mwambie hivyo mara kadhaa mpaka akuchoke. Halafu aingie na baba yake. Wewe kaa nje kwenye benchi, kwa sababu ukiwa mle ndani atajitahidi kuona.