Saruji kwenye Dirisha la Mwingereza

Jumatatu, 3 Machi
Chai, mkate, taxi, kazi. Villa ileile ya zamani ya Mwingereza wa mashamba ya sukari, kule mtaa wa Berea. Matofali mekundu, veranda ya chuma cha nakshi, madirisha ya kusukuma juu. Inalindwa na sheria. Hata msumari unaombewa ruhusa. Mimi napaka mota ukutani, kati ya matofali. Deo, Mrundi ninayekaa naye chumba kimoja mtaa wa Point, anachanganya mota. Chokaa na mchanga tu. Madame architecte, msanifu wa majengo, anasema ukuta wa zamani lazima upumue. Haya, upumue.

Jumatano, 5 Machi
Chokaa haikauki. Tunaifunika magunia mabichi, tunaichunga kama mgonjwa. Eish, imenichosha. Kwetu Bukavu chokaa ni ya kupaka. Mtu akifaulu anajenga na saruji. Deo alienda kununua mkate. Nikachukua saruji ya kujengea mtaro wa nyuma, nikatia kwenye mota yake. Nikaipaka kuzunguka dirisha kubwa la mbele, lile lililotokeza nje. Ikashika mara moja. Nilifurahi.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Kazi. Basi.

Jumatatu, 10 Machi
Madame alikwangua mota ya dirisha na ufunguo. Kijivu. Ngumu. Akasema saruji itapasua matofali yote. Nani kachanganya? Wote tukamtazama Deo. Hata mimi. Deo akasema, "Ni mimi nachanganya, Madame, lakini saruji sikugusa." Hakuna aliyemsikiliza. Kafukuzwa. Aliosha sepetu kwanza, ndiyo akaondoka. Mimi sikusikia kitu moyoni. Nikisema, naenda mimi, na Bukavu kuna watoto watatu wanakula kwa kazi hii.

Jumatano, 12 Machi
Natoa saruji kwa patasi. Inang'oka na uso wa tofali. Miaka mia na zaidi, halafu vumbi. Madame kanisifu mkono mwepesi. Deo kazunguka magodauni ya Clairwood siku nzima. Hakuna kazi.

Alhamisi, 13 Machi
Nilitaka kumwambia Madame. Sikumwambia. Mimi ni mwoga.

Jumapili, 16 Machi
Tulitoka kanisani saa sita. Deo kapika bukari, ugali wa kwetu, na ndagala, dagaa wa ziwani. Tukala. Halafu akauliza, "Kaka, magunia ya chokaa na ya saruji yalikuwa pamoja pale. Labda nilishika lile baya bila kujua?"
Nikasema labda.
Akaniongezea ndagala.