Namba Alizotaka Kuziona Mama Ceferina

Paso Yatay, Corrientes
14 Agosti 2001

Dada Nilda mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba baridi ya Rosario haijakurudishia yale maumivu ya mgongo. Huku tunapumua. Mama yako Ceferina, miguu imepungua kuvimba. Ulimi ndio haujapungua kitu. Mwezi uliopita alimwambia daktari wa zahanati kwamba kama chumvi inaua, basi yeye ni maiti tangu mwaka arobaini na tano. Mimi nimenenepa. Wanafunzi wangu wanasema tumbo la mwalimu linaingia darasani kabla ya kengele, na kwa kuwa nawafundisha hesabu, wamekwisha kulikokotolea mwendo kasi.

Habari kubwa ni ya shule. Mkuu wetu mpya, Bwana Sotelo, ameamua maktaba ipewe jina la marehemu kaka yako, Rufino. Alinijia chumba cha walimu amejaa furaha, akasema nitahutubia mimi, maana nani mwingine hapa alipigana na Waingereza kule visiwa vya Malvinas alikofia Rufino, tena ofisa wa mizinga? Nikamjibu kwamba mizinga iliniziba masikio na hotuba siziwezi. Akacheka, akasema Luteni acha maringo, mji mzima unajua ukianza kueleza pembetatu hunyamazi. Mama yako aliposikia, akaniagiza nisithubutu kuvaa lile koti la kahawia linalonifanya nifanane na padri aliyefukuzwa parokiani.

Tangu siku hiyo nasukuma sahani pembeni, na wewe unanijua kwa chakula.

Safari yangu umeicheka mara nyingi: kijana aliyetaka kuwa jenerali, akaishia kufuta ubao. Niliacha jeshi mwaka mmoja baada ya vita, nikasomea ualimu pamoja na vijana walioniita babu nikiwa na miaka ishirini na sita. Kisha nikaomba kazi Paso Yatay, mahali ambapo hakuna mwalimu aliyewahi kuomba. Niliwaambia nimeupenda mto. Ukweli ni kwamba nilikuja kuwatafuta ninyi. Nilibisha hodi maneno yakiwa tayari mdomoni. Mama yako aliposikia tu kwamba nilikuwa visiwani, akanishika mkono, akaniketisha, akaniwekea chipá, ile mikate yake ya jibini, ikiwa bado ya moto, akasema kula mwanangu. Nikala. Nimekula miaka kumi na minne. Hilo ni kosa langu la pili. La kwanza ni hili.

Rufino hakuuawa na Waingereza. Aliuawa na mizinga yetu, na aliyekuwa akiiamuru mizinga hiyo ni mimi.

Sisi watu wa mizinga tuna desturi. Ofisa akitoa namba za kulenga, sajini huzirudia kwa sauti, na ofisa huzilinganisha na ramani ndipo aruhusu kufyatua. Ni kazi ya sekunde chache. Asubuhi ile vidole vilikuwa vimekufa ganzi, adui anapanda kilima, na simu ya mstari wa mbele haikomi kulia. Ramani ilisema pembe ya mzinga iwe 2460, kwa vipimo vyetu vidogo kuliko digrii. Nikaandika 2640. Sajini Verón alipoanza kurudia nilimkatiza, nikamwambia huu si wakati wa kusali rozari, fyatua. Akafyatua. Makombora yaliangukia handaki la vijana wetu, mita mia saba kutoka kwa adui. Walikufa wanne. Ripoti niliiandika mimi kwa mkono wangu: kombora la adui.

Jumanne iliyopita nilimwambia mama yako. Alikuwa anamenya muhogo. Hakupiga yowe. Alimaliza ule aliokuwa ameushika, akauliza hizo namba zilikuwaje. Nikamtajia. Akasema hapana, ziandike. Kusoma kunamshinda lakini namba anazijua. Nikaziandika, moja juu ya nyingine. Alizipitishia kidole kilicholowa, polepole, akaniuliza kama ni hizi mbili za katikati tu zilizobadilishana nafasi. Nikasema ndiyo, mama. Akaniambia leo nisimwite mama. Kisha akaniagiza nikuandikie wewe na nisipunguze kitu, kwa sababu yeye hana mdomo wa kukuambia. Karatasi alibaki nayo.

Nimemweleza Sotelo kwamba sitahutubia, na sababu yake. Jina la maktaba libaki. Rufino hakukosa lolote. Ukitaka nihame mji huu, niandikie mstari mmoja, nitaondoka. Ukitaka kunishtaki, nitakuja mwenyewe Rosario kuyasema haya mbele ya wakili wako. Msamaha sikuombi, Nilda. Naona haya kuuomba kwa barua, na ningeona haya zaidi kuuomba ana kwa ana.

Ila nina ombi jingine. Dawa za mama yako za asubuhi nilikuwa nampa mimi: kidonge kimoja cheupe na nusu ya kile cha manjano. Sasa mlango haufunguliwi kwangu. Nimemwonyesha jirani, Bi Hermelinda, lakini macho yake hayatofautishi rangi, na mama yako amekataa kumeza. Panda basi, uje. Nitakaa mbali na nyumba mpaka uondoke.

Wasalimie watoto, kama bado unaona inafaa wapokee salamu zangu.

Evaristo Galarza