Vigae Vipya vya Mama

4 Machi

Mama mpenzi,
Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, kazi ya kufua mashuka ya hoteli inanikimbiza tu. Nimefurahi bafu limewekwa vigae, ila vikilowa havina urafiki. Juzi mwenzangu kakanyaga povu la sabuni, kavunjika nyonga. Tafadhali nunua mkeka wa mpira, na fundi akufungie chuma cha kushikia ukutani.
Mwanao

19 Machi

Kitinda mimba wangu,
Marahaba. Magoti yanalia kama mlango mbovu, lakini yananibeba. Chuma cha nini? Nilikubeba mgongoni, ndoo kichwani, tukapita kwenye tope na sikuteleza. Leo nishindwe na vigae? Vinang'aa mpaka najiona meno. Kula vizuri.
Mama yako

28 Mei

Mama, shikamoo. Barua zangu mbili hujazijibu. Niandikie hata neno moja.
Mwanao

16 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Usicheke mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika, umefungwa plasta. Sikio la kufa, ndiyo hivyo. Niliteleza nikitoka kuoga, nikabaki sakafuni nikiita mpaka jirani yetu fundi viatu akasikia, akavunja komeo. Alinifunika kanga huku katazama pembeni, Mungu ambariki.

Mkono utapona. Ila hili nakwambia wewe tu: bafuni siingii tena. Najifuta kwa kitambaa nimekaa kitandani. Naogopa bafu langu mwenyewe.
Mama yako

27 Juni

Mama yangu,
Pole, pole sana. Sikulaumu. Nimepewa likizo, nakuja. Uliniogesha nikipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Sasa ni zamu yangu, nawe ruksa kupiga kelele.
Mwanao

9 Septemba

Mwanangu,
Hujambo huko? Tangu uondoke nyumba imepwaya. Mkeka umeng'ang'ania sakafu, chuma hakitikisiki. Lakini nilichokuwa nimezoea kushika ni mkono wako, kwa hiyo siku za mwanzo niliishia mlangoni, taulo begani, nikarudi.

Jana nikasema liwalo na liwe. Nikashika chuma, nikaingia. Maji yaliponipiga mgongoni nilijikuta naimba, tena kwa sauti! Fundi viatu akagonga ukuta: "Mama, kuna usalama humo?"

"Usalama upo," nikamjibu, "sauti ndiyo haipo!"

Akacheka. Nami nikamalizia ubeti, maji yakinimwagikia.
Mama yako, msafi