Mkate wa Mayai kwa Mama Mkwe

Mjukuu wangu Hodan,

Salaam aleikum. Sisi tu wazima, na mbuzi wa babu yako amezaa mapacha. Umeuliza kama mkate uliokauka unafaa. Unafaa sana, uchovye kwenye mayai na maziwa, kisha ukaange polepole.

Nilipoolewa hapa Garissa, miaka ya tisini, mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Buna, kwa wafugaji wasiozoea kula mayai. Asubuhi moja nikamwandalia mkate huo.

"Mayai? Hicho chakula cha mbweha!" akasema.

Nikaketi nikaanza kula, machozi yakinilengalenga. Akanitazama, kisha akavuta sahani.

"Mke wa mwanangu hawezi kula peke yake," akasema, akamega kipande.

Hakuupenda, lakini aliumaliza. Tangu asubuhi hiyo nilimwita mama, wala si kwa heshima tu.

Akupendaye,
Ayeeyo wako