Meli Inaondoka Kesho, na Aliyepimwa ni Mdogo Wangu

Maman Myriam, mshauri wetu wa redio wa kila Ijumaa, nakuandikia jioni hii ya Alhamisi nikiwa nimejifungia bafuni na bomba nimelifungua ili mume wangu asinisikie nikikohoa, nakuomba unisaidie kabla ya kesho saa sita mchana, kwa maana baada ya hapo nitakuwa nimeshatuma cheti ambacho si changu ingawa kina jina langu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, mtu wa Bukavu, tunaishi hapa Ixelles, Brussels, tangu mwaka tisini na tisa, na mume wangu Désiré kabla ya vita alikuwa fundi wa mitambo katika meli za abiria za ziwa Kivu, zile za Bukavu na Goma, miaka kumi na mitatu alishinda chini kule kwenye joto la injini na akitoka juu kupunga upepo alikuwa ananuka mazuti, dizeli ya injini, hata sabuni haikusaidia, na mimi harufu ile naipenda mpaka leo, nikipita mahali wanatengeneza magari nasimama kidogo kama mjinga.

Sasa macho yake yanakwisha. Daktari alisema ni ugonjwa wa presha ya macho, tulichelewa, na kwamba kufika baridi ijayo huenda atabaki anaona mwanga na vivuli tu, tayari pale Matonge, mtaa wetu Wakongo, anatambua maduka kwa harufu, hapa makayabo, samaki wa chumvi, hapa saluni, na majina ya mitaa ananiomba mimi nimsomee akijifanya amesahau miwani. Watoto wetu wawili, Dan na Océane, wakakaa wakashauriana, wakatulipia safari ya meli, ile wao wanaita croisière, siku saba kwenda Norwe, kwa sababu Dan alimwonyesha baba yake picha za kule kwa kompyuta kubwa ya kazini, milima inashuka wima mpaka majini, ukungu juu, nyumba ndogondogo pembeni, na Désiré aliweka uso karibu na kioo akaangalia muda mrefu, akasema, "Ni kwetu hii. Ni migomba tu njo inakosa."

Maman Myriam, tangu siku ile mume wangu amerudi kuwa kijana, kwa maana wewe hujui, sisi mwaka tisini na sita tulitoka Bukavu kwa miguu na yeye aliacha sanduku lake la spana ndani ya meli, akasema "ni sawa," na kuanzia hapo hakuzungumza tena habari ya meli, miaka ishirini na sita, watoto wamekua bila kujua baba yao anaweza kusikiliza injini na kukuambia inaumwa wapi. Sasa kila asubuhi anawasimulia kwa simu, jinsi wanawake walivyokuwa wanapanda na majibini ya Masisi na mafungu ya sambaza, dagaa wa Kivu, wa kukaanga, jinsi tulivyokuwa tukiimba nyimbo za kanisani tukipita kisiwa cha Idjwi na mvua ikitupiga upande mmoja, na mimi namsikiliza kutoka jikoni nalia peke yangu, lakini kwa furaha.

Na hata sisi wawili tulijuana kwenye meli, kwa sababu ya karata ya chanjo. Ilikuwa mwaka themanini na tatu, kipindi cha kipindupindu, na pale bandarini watu wa hygiène, wakaguzi wa afya, walisimama wanataka kila abiria aonyeshe karata, na mimi nilikuwa nimeisahau nyumbani Kadutu juu kule, nina miaka kumi na tisa, naenda Goma kuanza kazi ya kufundisha, nalia mbele ya daraja la meli. Kijana mmoja mwenye mafuta mikononi akaja akamwambia yule agenti, "Uyu ni dada yangu Faïda, karata yake iko na miye," akatoa mfukoni karata ya dada yake wa kweli, kisha akaniinamia, "Leo uko Faïda mupaka Goma. Usiseme kitu." Nikavuka ziwa kwa jina la mtu mwingine na mwaka uliofuata nikaolewa naye, na mpaka leo akitaka kunichokoza ananiita Faïda.

Basi tatizo ni hili. Meli inaondoka Rotterdam Jumamosi, na sharti lao mwaka huu wa 2022 ni kwamba kila msafiri apimwe Covid na mtu wa afya ndani ya siku mbili kabla ya kupanda, cheti kitumwe kwao, na siku ile ya safari ujaze fomu kwamba hukohoi, huna homa, hukukaa na mgonjwa. Mimi Jumapili nilikuwa kwenye matanga, ungeniambia nisiende vipi, marehemu ni mama aliyenipokea hapa Brussels, tulikumbatiana, tukaimba, tukamenya ndizi pamoja, na Jumatatu koo likaanza. Nilijiambia ni uchovu wa kilio. Leo asubuhi nikajipima mwenyewe na kile kipimo cha nyumbani, mistari miwili, nikajipima tena, miwili.

Désiré alikwenda kupimwa farmasi na Dan, yeye ni mzima, akarudi anapiga mluzi. Mimi nikampigia mdogo wangu Michelle, tumepishana miaka miwili tu na tunafanana, anafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee, nilitaka tu kulia kwake, lakini alipofika akaniambia, "Yaya, leta carte d'identité yako. Bale bazungu habatutofautishake hata kidogo. Pale kazini banaitaka miye Keren, jina ya mwenzangu, kila siku, na Keren iko murefu kunipita. Bon, dakika kumi tu, tunamaliza." Nikampa. Maman Myriam, nilimpa kwa mkono wangu huu. Akaenda farmasi moja nyuma ya Chaussée d'Ixelles, mwanamke mmoja wa pale akaangalia kadi, akamwangalia Michelle, akamtia kijiti puani, na baada ya robo saa akampa cheti chenye jina langu na akamtakia safari njema ya meli, "bonne croisière, madame." Michelle alirudi anacheka na mimi nikacheka naye, mpaka kicheko kikageuka kikohozi.

Cheti kiko hapa kwenye simu. Dan anakisubiri akitume. Nikisema ukweli, Désiré hatakubali kwenda bila mimi, namjua, atasema "ni sawa" kwa sauti ileile ya mwaka tisini na sita na ataingia gizani bila kuona maji mara nyingine. Nikinyamaza, nafikiri, siku saba ni nini, nitavaa barakoa, nitakunywa tangawizi, mbona zamani tulivuka na karata ya Faïda na Mungu akatubariki. Nifanye nini?

Mama wa Bukavu, Ixelles

Maman Myriam anajibu

Mama wa Bukavu, pole. Barua yako nimeisoma asubuhi hii hapa studio, nikafika pale kwenye sambaza nikaomba dakika. Mimi ni mtu wa Kalemie, nami nina ziwa langu nililoliacha, kwa hiyo usifikiri anayekujibu hajui maji. Najua. Majina ya watu wako nimeyabadilisha kabla ya kusoma hewani, ingawa pale Matonge kwa kujuana tulivyo, wako watakaokutambua. Wakikutambua, wakuombee.

Sasa nikugombeze, kwa sababu uliniandikia ili ugombezwe. Cheti kile hutakituma. Wala usinifananishie na karata ya Faïda, hadithi hiyo ni tamu na mimi naipenda, lakini ulipopanda meli ile ulikuwa binti mzima mwenye karata aliyoisahau nyumbani. Désiré alificha usahaulifu wako. Michelle ameficha ugonjwa wako. Unataka kuingia chumba kisicho na dirisha la kutosha pamoja na mwanaume mwenye miaka sitini na kitu, kisha kula meza moja na watu elfu mbili, nusu yao wazee waliodunduliza akiba ili waione milima hiyohiyo. Nao wana watoto waliowalipia, mama. Na katikati ya bahari ukizidiwa, au akizidiwa yeye, hakuna stesheni ya Gare du Nord pale ya kuteremkia.

Na huyu Michelle, alors. Michelle, kama unasikiliza, na najua unasikiliza, sogea karibu. Wewe kazi yako ni kuwaosha na kuwalisha wazee. Mwaka 2020 wewe uliona mwenyewe wazee walivyokufa, sina haja ya kukukumbusha. Jana umeshinda na mgonjwa, mmecheka pamoja uso kwa uso, na leo unataka kwenda kumlisha bibi wa miaka tisini? Mpigie mkuu wako sasa hivi, mwambie umekaa na mwenye Covid, ujipime kwa jina lako. Tena sikiliza jambo lililoniuma zaidi. Kila wiki tunalalamika katika kipindi hiki kwamba hapa hawatutofautishi, wanatuitia majina ya wenzetu, wanaona ngozi wanaishia hapo. Mimi mwenyewe miaka minne ofisi moja walinichanganya na dada wa Burundi. Halafu dharau ileile tunaigeuza njia ya kupitia, na tunacheka. Siku nyingine yule mwanamke wa farmasi akimwangalia mmoja wetu mara tatu kabla ya kumwamini, tusiulize kwa nini.

Turudi kwako, mama. Unasema ukisema ukweli mumeo ataingia gizani bila kuona maji. Ni nani amekuambia? Daktari alisema baridi ijayo, na sisi tuko mwezi wa sita. Fanya hivi. Leo kabla ya saa sita uende kupimwa kweli, wewe, kwa pua yako, usiende farmasi ileile, na uvae barakoa njiani. Hicho cheti cha kwamba unaumwa, ambacho unakiogopa, ndicho kitakachoiokoa safari, maana mwaka huu kampuni nyingi za meli zimeweka kifungu cha kuhamisha tarehe kwa aliyepatikana na Covid. Mwambie Dan asome masharti yenu, apige simu leo hii, asingoje kesho bandarini, aombe tarehe ya mwezi wa nane au wa tisa na aeleze habari ya macho ya baba yake. Barua ya daktari wa macho aiambatanishe. Wakiuliza kwa nini jina lako lina vyeti viwili vya siku mbili, kimoja safi kimoja kibaya, hapo wewe na Michelle mtasema mlichofanya. Aibu hiyo ni yenu, ibebeni, haiui. Usiku huu kila mmoja alale chumba chake, madirisha wazi, siku saba, na Désiré ajipime tena hata kama anapiga mluzi.

Na kama kampuni itakataa? Inawezekana, sitakudanganya. Basi watoto wampeleke baba yao peke yao, au mtatafuta maji mengine kabla ya baridi. Lakini uamuzi huo ni wake. Mwaka tisini na sita vita ilimwamulia, na akasema "ni sawa" kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Safari hii unataka kumwamulia wewe, kwa mapenzi, lakini ni kumwamulia vilevile. Hata kama anakwenda kupoteza kuona, usianze kumtendea kama mtu asiyepaswa kujua kinachotokea nyumbani kwake. Tena macho ndiyo yanayompungukia. Masikio ya fundi wa injini unayadanganya kwa bomba la maji?

Jambo la mwisho, na hili si la kukugombeza. Katika barua yako yote umenieleza macho ya Désiré, furaha ya Désiré, uchungu wa Désiré. Wewe mwenyewe una homa? Unakula? Tangu Jumatatu unaumwa, umemzika mama aliyekupokea ugenini, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuuliza unajisikiaje, kwa kuwa umewanyima wote nafasi ya kuuliza.

Sasa naweka wimbo wa zamani, ni dakika sita. Wasikilizaji wengine bakini na mimi. Wewe mama, zima redio, vaa barakoa, nenda ukasimame mlangoni kwake. Usianze na meli, usianze na watoto, wala na Michelle. Mwambie kwanza kwamba unaumwa, kisha unyamaze umwache akuulize.