Mstari Mwekundu wa Darajani

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki moyo wenyewe usikie.

Basi niandike nilichoficha miaka ishirini na miwili. Mstari mwekundu kwenye nguzo ya daraja hauko pale wahandisi walipouchora. Uko juu zaidi, urefu wa mkono mzima. Niliusogeza mimi, mpimaji wa kina cha mto. Niliagizwa na Mkuu wa idara – na Mkuu ni marehemu, hawezi kubisha.

Sheria ya Mfuko wa Dharura ni nyepesi. Maji yakigusa mstari, serikali inatoa fedha na vifaa siku hiyo hiyo: mashua, mahema, dawa. Yasipougusa, hakuna mafuriko. Hata kama umekaa juu ya paa.

Jumatano, 6 Machi

Mvua, siku ya tatu. Binti yangu kaja na uji wangu, viatu mkononi. Anaishi bondeni na wanawe wawili. Maji yamefika kwenye ngazi za zahanati, anasema. Nikamwambia ahamie kwangu.

"Baba nawe! Na kuku je? Si ipo Kamati?"

Nikacheka hadi nikakohoa. Kamati ya Hatua za Haraka – hukutana kila baada ya miezi mitatu. Mwaka ule wa ukame tuliomba matangi ya maji. Yaliletwa mwaka uliofuata, mto umeshafurika. Yalifika yakielea. Mkuu akatutaka tutie saini kwamba yamepokelewa yakiwa yamejaa.

Tulitia.

Ijumaa, 8 Machi

Kaja Katibu wa Kamati. Kazi nilimfundisha mimi. Sasa ana kitambi na mwavuli wa serikali. Shikamoo nyingi. Kaniletea cheti chenye fremu: katika miaka yangu ya mwisho kazini, Mfuko haukufunguliwa hata mara moja.

"Uliulinda, mzee wetu."

Kweli, niliulinda. Dhidi ya waliolowa. Watu saba walizama mwaka ule nilioupaka mstari rangi, katika mafuriko ambayo kwenye karatasi hayakutokea.

Nikamuuliza maji yako wapi.

"Bado kidogo. Yamebakiza kama mkono mmoja hivi kufika kwenye mstari. Tunamwomba Mungu yapande, mzee, tuwasaidie watu."

Mashua ziko bohari, zimefungwa kwa minyororo. Zinasubiri watu wazame vya kutosha.

Mkono mmoja. Yaani yameshafika tayari. Nikafungua kinywa nimwambie.

Nikasema, "Asante kwa cheti."

Jumamosi, 9 Machi, asubuhi

Binti kapiga simu. Maji yamo ndani, barabara imekatika. Kawapandisha watoto juu ya kabati. Nikamwambia apande naye.

"Kabati halitubebi wote, baba. Wewe kunywa dawa yako."

Nimempigia Katibu. Nimemwambia yote: mstari ule ni wa uongo, wa kweli uko chini yake, umezama tangu jana. Fungua bohari.

Akauliza nani aliamuru usogezwe. Nikamwambia Mkuu.

"Basi kuna barua. Nitafutie barua ya agizo, mzee, hata nakala. Nikiwa nayo naitisha Kamati saa hii hii, tunalitengua agizo. Bila barua, nitawaambia nini wakaguzi? Nakupigia baada ya dakika kumi."

Nimekaa kitandani. Sina haja ya kufungua sanduku la karatasi zangu za kazi. Najua kilichomo.

Mwaka ule, kabla sijausogeza, maji yaligusa mstari, nikatoa taarifa, Mfuko ukafunguliwa. Kesho yake mto ukashuka. Wakaguzi wakaja. Kwenye mkutano Mkuu akasema, "Mto wa bwana huyu una wasiwasi kama yeye." Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, ili nisionekane.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda darajani na kopo la rangi nililonunua mwenyewe. Tangu hapo nimejisimulia habari ya agizo mara nyingi, mpaka nikawa nasikia sauti ya Mkuu akilitoa.

Simu inaita. Ni Katibu.

Barua hakuna. Mkuu hakuniagiza. Hakuna aliyeniagiza. Nilichekwa tu.