Treni Yangu na Jiwe la Carmel

Yves, mu Burungu yote hakuna mutu anaweza kunishinda kutengeneza ka treni! Leo ku masomo walifanya concours, mashindano ya treni: locomotive yenye kuvuta mabehewa mengi, mwenye nayo njo anaenda Goma.

Carmel wa darasa yetu akaleta yake, amefunga jiwe juu. Jiwe, kaka! Nikamuuliza: "Dada, hii iko treni ao mama anatoka shamba na kitunga?" Watu wakacheka mpaka machozi.

Jiwe lake likavuta mabehewa yote.

Zamu yangu. Moteri inalia, magurudumu inazunguka, treni iko pale pale. Pale pale, Yves! Hata behewa moja haikutikisika.

Prof akagusa magurudumu, akanusa vidole. "Hii iko mafuta. Gurudumu lisiposhika reli, litavuta nini?"

Nikaruka: "Carmel njo alipakaa, juu ananiogopa!"

Prof akataka kumufuta mu concours. Carmel akaanza kulia.

Mama Rosalie, mwenye kutuazima meza, akasimama: "Carmel wa wapi? Si weye asubuhi uliniomba mafuta bwana yangu anapakaa chukudu yake ya mbao ya kubeba mizigo, ukapakaa mbele ya macho yangu, eti treni itateleza mbio?"